Uzi: Bathdei ya mtoto wa PP1, nataka kitu cha kupika mwenyewe na darasani kuna mtoto hali mayai

Kibibi wa Barani
Salaam alaykum na hamjambo nyote. Mwanangu wa kike anatimiza miaka 5 wiki ijayo inshallah, yuko PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea, hapa Malindi, darasa lao lina watoto 28 na ticha amekubali tupeleke kitu kidogo wale pamoja saa ya mapumziko. Keki ya duka ile ya krimu sitaki, na niwaambie kwa nini kabla hamjaniuliza. Kwanza joto. Sasa hivi ni kaskazi, ikifika saa nne asubuhi darasa la mabati limeshakuwa tanuri, na siagi yenyewe ikifika digrii 32 au 35 hivi imeanza kuyeyuka, kwa hiyo lile ua la krimu ulilolilipia pesa linafika limelala upande na watoto wanalilamba kwenye boksi. Pili, sitaki ianze mashindano. Darasa lile lina mtoto wa mvuvi, lina mtoto wa dereva wa tuktuk, lina mtoto ambaye babake ana nyumba za wageni kule Casuarina. Mimi nikileta keki ya ghorofa mbili wa mwezi ujao ataleta tatu, na yule asiyekuwa nazo siku ya mwanawe atamzuilia nyumbani aseme ana homa. Haya yapo, tuyaseme tu.

Sababu ya tatu ndo kubwa kwangu. Kuna mtoto mmoja darasani mayai hayamkubali kabisa, akila midomo inafura na anatoka vipele mwili mzima. Mamake amewaambia walimu na kila mtu anajua. Bathdei ya juzi wenzake walikula keki, yeye akapewa biskuti kando kwenye kisahani chake peke yake, na mwanangu alirudi nyumbani akaniuliza kwa nini fulani hatakiwi kwenye sherehe. Wallahi lilinikaa rohoni. Mtoto wa miaka minne hajui mzio ni nini, anachojua ni kuwa wenzake wako kule na yeye yuko huku. Kwa hiyo nataka kitu KIMOJA, sinia moja, wote 28 wale kile kile.

Kisiwe na mayai, kisiwe na njugu, kishikike kwa mkono bila kijiko, kisichafue yunifomu na kisinifilisi. Oveni sina, nina jiko la gesi la meko mawili na seredani. Naomba maoni ya watu walioshapikia watoto wadogo wengi kwa mpigo.

Mkunazi
Hongera kwa mtoto mamangu, Mungu amkuze. Mimi ningekwambia mabuyu na kashata za nazi, umemaliza. Watoto wa pwani wote wanapenda mabuyu, unaweza kuyapika usiku yakalala bila friji, hayaharibiki, unafunga kwenye karatasi kidogo kidogo kila mtoto na lake. Hayana yai wala maziwa wala njugu. Na bei ni rahisi, ukipata ubuyu wa kilo sokoni unatosha darasa zima na shangazi zake.

NesiWaPwani
Mkunazi nakuheshimu lakini hapo nitakupinga, na nitapinga kwa nguvu. Mimi ni nesi, wodi ya watoto. Mabuyu kwa mtoto wa miaka minne la. Ile mbegu ndani ni ngumu na laini juu, mtoto ananyonya ule unga na sukari, mbegu inabaki inateleza ulimini, mwenzake anamchekesha au anamsukuma, anavuta pumzi, mbegu hiyo inaingia njia ya hewa. Watoto wa umri huo njia yao ya hewa ni nyembamba, magego yao bado hayasagi vizuri kama ya mtu mzima, na kukaa kitako wakala kimya hawajui. Ndo maana hata Uingereza huduma yao ya afya inawaambia wazazi njugu nzima, za aina yoyote, asipewe mtoto wa chini ya miaka 5. Mbegu ya ubuyu ni mambo hayo hayo. Muweke kwenye orodha hiyo peremende ngumu, popkoni, njugu nzima, zabibu mbichi nzima. Zabibu mbichi kama lazima, kata kwa urefu vipande vinne.

Nyumbani mtoto mmoja na mama yuko mbele yake unaweza kumwangalia. Darasani ticha mmoja, watoto 28, wote wanacheka kwa wakati mmoja. Nani atamwona anayekabwa? Mtoto anayekabwa kikweli hatoi sauti.

Na kwa sababu tumelifikia, kila mzazi na kila ticha ajue hili. Mtoto aliyepita mwaka mmoja akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5 kwa nguvu. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia hivyo hivyo hadi itoke huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Usimtie kidole mdomoni kutafuta kitu ambacho hukioni, utakisukuma ndani zaidi.

Kashata sikatai, ile laini ya nazi tu, ikikatwa ndogo. Ile iliyokauka kama jiwe hapana.

Mkunazi
Nesi nimekuelewa, nashukuru. Sisi tulilelewa na mabuyu hatukuwa tunafikiria upande huo. Na kweli ile rangi nyekundu pia, soksi nyeupe za nasari zikigusa rangi ya mabuyu haitoki tena hata kwa jiki.

ShangaziAmu
Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Nimesoma swali la Kibibi mara mbili na jawabu limekaa kwenye jina lake mwenyewe: pika VIBIBI. Unahangaika nini mwanangu na keki, kitu ulichokitaka bibi zetu walishakipika zamani. Ndani ya kibibi muna mchele, muna tui, sukari, hamira na hiliki. Basi. Yai halimo, maziwa ya ng'ombe hayamo, ngano haimo, njugu haimo. Yaani hata ukiletewa mtoto mwingine ambaye mkate haumkubali, huyo naye atakula. Huku kwetu chakula cha watoto wa watu wengi ni hicho na mkate wa sinia.

Hesabu yangu ya darasa kama lako ni hii. Mchele vikombe viwili, ule wa kawaida mweupe usiwe wa kunata, usiwe biriani wa bei, uoshe uuroweke usiku kucha. Ukiwa na friji uroweke ndani ya friji, joto hili mchele ulioachwa nje usiku unaanza kunuka. Asubuhi mwaga maji yale, tia kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, hapo ni nazi mbili nzuri au tatu zikiwa ndogo. Saga mpaka ukitia kidole ukasugua usisikie chenga hata kimoja. Hapa usifanye haraka, chenga ndo zinafanya kibibi kiwe kigumu na kukatika. Tia sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki iliyotwangwa nusu kijiko, chumvi ncha ya kisu. Funika, weka mahali pa joto. Kwa joto la sasa saa moja inatosha, utaona kimepanda na kinatoa povu juu. Usikiache mpaka kikachachuka.

Kupika sasa. Kikaango kizito, moto mdogo, pakaza mafuta kidogo sana kwa kitambaa, mimina vijiko viwili vya chakula kwa kila kibibi, usikitandaze, kiache kitambae chenyewe. Kaa uangalie. Pembeni patakauka kwanza, halafu juu patatoboka vitundu vidogo vidogo vingi, kisha ule ung'avu wa majimaji katikati utapotea. Vitundu vikibaki wazi bila kujifunga, hapo ndipo funika nusu dakika au geuza kwa haraka upande wa pili uguse moto tu. Chini kiwe rangi ya dhahabu. Ukigeuza mapema kinajikunja, ukichelewa kinakauka na mtoto hatakimaliza. Kwa vipimo hivyo unatoa vibibi thelathini na kitu, vidogo vya mkono wa mtoto.

Lile tui la sukari la kumwagia juu ACHA. Hilo la kula nyumbani na sahani. Vya shule viwe vikavu.

Baba Pacha
Shangazi umeua. Mimi nilitaka kuleta habari ya mkate wa mayai, najua mayai hayawezekani kwa Kibibi ila kuna wazazi wengine wanasoma uzi huu na darasani kwao hakuna shida hiyo, basi niwawekee. Mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja, hiliki. Huweki siagi, huweki maziwa. Piga mayai na sukari peke yake mpaka yawe meupe mazito ukiinua mwiko yanashuka kama utepe, hapo kwa mkono ni kazi kweli na ndo kazi yangu nyumbani kwetu. Unga unachungwa juu unachanganywa polepole. Trei ya sentimita 30 kwa 20 ukikata sita kwa urefu na tano kwa upana una vipande 30 sawasawa, hakuna mtoto wa kulalamika cha mwenzake kikubwa. Hakuna krimu, unanyunyiza sukari ya unga basi.

Swali kwa Nesi, kuna jirani yangu anasema yai likishaokwa kwenye keki halidhuru, ni yai bichi au la kuchemsha tu ndo lina shida. Kweli?

NesiWaPwani
Baba Pacha swali zuri sana na ni la hatari. Wako watoto wenye mzio wa yai ambao yai lililookwa ndani ya keki kwa moto mkali wanalivumilia. Ni kweli wapo, tena sio wachache. Lakini nani anavumilia na nani havumilii hujui kwa kumwangalia uso, hilo hupimwa hospitalini daktari yuko pale na dawa iko pale. Darasani hakupimwi. Na asiwepo mtu wa kusema "yai moja tu kwenye trei nzima", kiasi kidogo kinatosha kumfunga mtoto pumzi.

Kibibi, kwako wewe, angalia na kikaango. Kama ni kile ulichokaangia mayai asubuhi, kioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla, au tumia kingine. Mafuta yawe mapya, mwiko uwe safi, na kile kitambaa cha kupakazia mafuta kiwe kipya. Watu wanatoa yai kwenye mapishi halafu linarudi kupitia mwiko.

Dalili ambazo ticha asizipuuze: midomo au macho kufura, vipele vya ghafla, kutapika, sauti kubadilika, kukohoa mfululizo au kupumua kwa shida. Kupumua kukishaingia shida hapo hakuna cha kusubiri mzazi aje, ni hospitali moja kwa moja.

Na jambo moja bado, wakati. Chakula kilichopikwa Shirika la Afya Duniani wanasema kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na sisi joto letu si la kawaida. Tui ndo lepesi kuharibika. Kwa hiyo ukipika saa kumi na moja alfajiri watoto wakala saa nne, hapo sikubaliani.

Kibibi wa Barani
Jamani nimefurahi mpaka basi. Shangazi Mungu akuweke, vibibi ninavyovijua tangu mdogo na havikunijia akilini kabisa kwa shughuli ya shule, nilikuwa nafikiria keki keki tu, si unajua tena bathdei lazima picha iwe na keki. Lakini Nesi umenipa mtihani. Kumpeleka shule ni saa moja na nusu, mapumziko saa nne kamili. Nitafanyaje?

Baba Pacha
Hapo usipeleke pamoja na mtoto. Mpeleke kwanza, rudi, anza kupika saa mbili na nusu, tuktuk saa tatu na nusu, saa nne kasorobo uko getini na vibibi bado vina uvuguvugu. Kama unafanya kazi mtafutie babake ruhusa ya asubuhi hiyo moja. Siku ya mtoto inakuja mara moja kwa mwaka, mwenye tuktuk na mwenye duka wote wanaweza kupata saa moja. Mimi nimewapelekea mapacha wangu na ile furaha ya kumwona baba amesimama mlangoni na sinia, sidhani watasahau.

Ticha wa Nasari
Niruhusuni nitie neno la upande wa darasani maana nafundisha PP2, si Malindi mjini lakini huku huku pwani.

Kwanza ahsante sana Kibibi kwa kufikiria yule mtoto. Sisi walimu tunaona nyuso zao. Mtoto anayewekewa kando hali hata hicho alichowekewa, anakishika tu mkononi anaangalia wenzake.

Pili, uliza wazazi wenzako mapema, kwenye grupu la WhatsApp la darasa, si asubuhi ya siku yenyewe. Waandikie vitu vyote utakavyotia ndani, hata chumvi. Mzazi wa yule mtoto mpigie simu kabisa, mwambie unavyopika na kikaango gani, akisema sawa ndo uende. Na akisema hapana kubali, anamjua mwanawe.

Tatu, kuna familia hazisherehekei siku ya kuzaliwa. Wengine kwa sababu za dini, Waislamu wapo na Wakristo wa madhehebu fulani wapo pia. Huku kwetu darasa ni mchanganyiko, na mtoto wa familia hiyo akisikia wimbo na mishumaa anachanganyikiwa, ale au asile, aimbe au asiimbe, akifika nyumbani aseme nini. Darasani kwangu tuliamua chakula kije kama chakula. Tunaosha mikono, tunasoma dua au sala fupi ya chakula, mwenye siku yake ndiye anayegawa, tunakula. Wimbo na mshumaa viko nyumbani kwao jioni. Hakuna mtoto anayetoka nje.

Mzazi Maweni
Ticha nakushukuru, mimi ni mmoja wa hao. Sisi nyumbani hatufanyi bathdei na sitaki kumbishia mtu dini yake kwenye uzi wa vibibi, lakini mwanangu kukaa nje ya darasa mpaka wenzake wamalize ilikuwa inaniuma sana na nilikuwa sijui nilisemeje nisionekane mkorofi. Chakula cha kugawana hakina neno hata kidogo, kulisha watoto kuna thawabu. Kibibi ukifanya kama alivyosema Ticha basi hata wa kwangu angekula na angekuombea dua mwanao.

Halafu kwa wenye bathdei za mwezi wa Ramadhani, jamani subirini mpaka baada ya Idd. Watoto wa nasari hawafungi lakini wako wanaojaribu nusu siku kwa kuiga kaka zao, na ticha mwenyewe amefunga anagawa vitafunio huku tumbo linanguruma. Haipendezi.

Ticha wa Nasari
Kweli kabisa Mzazi Maweni. Na hapo pa kugawa naomba nikazie kidogo, kwa sababu wazazi wanadhani kinachomfurahisha mtoto ni ukubwa wa kitu. Mtoto wa miaka mitano ukimpa sinia azunguke ampe kila mwenzake kimoja kimoja, anasema "karibu", mwenzake anasema "ahsante", anahesabu kwa kidole, huyo siku yake imekamilika. Anajifunza hesabu na adabu papo hapo. Wengine hujisahau wenyewe, wanagawa mpaka mwisho halafu wanakuja kuniuliza "Ticha na mimi?" Kwa hiyo mzazi weka vya ziada. Ticha, msaidizi wake, mpishi wa uji, askari wa geti. Na vitatu vinne vya kuanguka chini, maana vitaanguka.

Na vile vifuko vya zawadi vya plastiki vyenye peremende mnavyoleta wengine, kwanza mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, pili peremende zenyewe Nesi ameshazisema. Kama lazima kitu cha kwenda nacho nyumbani tumieni karatasi ya khaki, mtie embe kipande au ndizi kisukari moja.

Jiko la Pwani
Nimechelewa kidogo lakini nina nyongeza kwa anayetaka kitu cha rangi, maana vibibi ni vyeupe na watoto wanapenda rangi. Chinagrasi. Watu wengi wanaogopa jeli kwa sababu mbili, moja ile jelatini ya paketi hujui imetoka mnyama gani, ikiwa haina alama ya halali wazazi hawatakubali, na pili kwa joto letu jelatini inarudi kuwa maji kabla hujavuka barabara. Chinagrasi imetokana na mwani wa baharini, haina mnyama ndani. Na raha yake inaganda yenyewe ikishapoa kwenye digrii 35 au 40 hivi, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka uipashe moto karibu digrii 85, kwa hiyo kaskazi haiiwezi.

Gramu 10 za ile ya nyuzi kwa lita moja. Irowanishe, ichemshe kwenye maji nusu lita mpaka isionekane uzi hata mmoja, tia sukari, toa motoni, ndipo utie nusu lita ya embe lililosagwa na kuchujwa. Embe lisiwe la friji, la baridi linaigandisha kabla hujakoroga. Na matunda makali kama ukwaju au ndimu usiyachemshe pamoja nayo, ukali unaivunja nguvu. Embe la ngowe au boribo msimu huu linatoa rangi ambayo hakuna rangi ya chupa inayoifikia. Mimina kwenye trei, ikishika kata vipande vidogo.

NesiWaPwani
Jiko nimeipenda ila ikatwe ndogo NDOGO kweli, sentimita moja hivi, na wale kwa kutafuna, wasiinyonye kutoka kwenye vikombe. Vile vijeli vya vikombe vya kunyonya vimeshaua watoto nchi za watu, vinaruka moja kwa moja kooni.

Kibibi wa Barani
Haya nimesoma yote na mume wangu nimemsomea. Mpango wetu ni vibibi peke yake. Chinagrasi nitaifanya jioni nyumbani na binamu zake, shuleni nataka kiwe kitu kimoja kama nilivyosema, nikiongeza cha pili nimeshaanza mashindano yale yale niliyoyakimbia. Mchele naroweka usiku ndani ya friji. Mtoto mwenyewe ameshaomba kutwanga hiliki, kinu kidogo kipo, atatwanga. Vya watu 28 na watu wazima na vya kuanguka nitapika kama 40, kwa hiyo vipimo vya Shangazi naongeza robo. Baba ndiye atakayepeleka saa nne kasorobo.

Mamake yule mtoto nimempigia. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza nimrudilie vitu vilivyomo, nikamrudilia kimoja kimoja, akauliza hamira aina gani nikamsomea paketi. Amekubali. Akasema atakuja mwenyewe kuosha sinia na mimi, nikamwambia karibu sana.

Kuna mtu kaniambia vibibi ni vya kimaskini mno kwa bathdei. Nimefikiria hilo nikaona sivyo. Nusu kikombe cha sukari ukigawa kwa vibibi thelathini na kitu kila kimoja kina kama gramu 3, soda ya mililita 300 moja tu ina zaidi ya gramu 30. Mtoto anarudi darasani ametulia tumbo, ticha anaendelea na somo. Mimi hicho ndo nakiita kizuri.

Swali langu la mwisho Shangazi, nazi sokoni wiki hii zimekuwa chache, ninayoipata ni mbata mbata. Nikitumia tui la kopo litakubali? Na nitavibebaje bila kugandana?

ShangaziAmu
Tui la kopo lakubali, ila ni zito mno na lina mafuta, tia kikombe kimoja cha tui na nusu ya maji, usitie kikombe na nusu chote. Soma kopo, mengine yametiwa maziwa ya unga au vitu vingine, hilo usilitumie kwa mtoto wa mzio hata kama ndilo la bei nzuri. Nazi iliyokauka pia si mbaya, tui lake hutoka vizuri ukiikuna ukaikamua kwa maji ya vuguvugu, ionje tu isiwe imeoza ndani.

Kuvibeba, usivipange vikiwa na moto, vitatoa jasho na kunata. Vitandaze juu ya kitambaa safi au juu ya ungo mpaka mvuke uishe, dakika kumi hivi. Halafu sinia pana, jani la mgomba ulilolipitisha juu ya moto likalainika, vibibi mstari mmoja, jani tena, mstari wa pili. Usizidishe mistari mitatu. Funika kwa kawa, kile kifuniko cha kusukwa, sio kwa kifuniko cha plastiki, kawa lapumua. Sisi huku Amu vichochoroni hapapiti tuktuk, sinia laenda kwa kichwa na punda wanapita ubavuni, na vibibi vyafika vizima. Mwambie baba aliweke sinia mapajani mwake asiliweke chini ya kiti.

Kibibi wa Barani
Kawa ninayo ya mamangu. Ahsante Shangazi. Kesho naenda kutafuta majani ya mgomba, anayejua pa kuyapata karibu na Barani aniambie humu.

Mzazi Maweni
Njoo kwetu uchukue, migomba iko nyuma ya nyumba na majani tunakata kila siku. Nakutumia namba kwa ujumbe wa pembeni.